Baba Anarudi Mtoto Keshalala: Namna ya Kupanga Siku Nyumbani

Mwongozo huu ni wa mama anayeshinda na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, na mume anayetoka gizani akarudi gizani. Kwa tunaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chanika, Mbagala, Bunju au Kibamba, hayo ndiyo maisha ya kawaida. Mtu akitoka kazini jioni bado ana foleni ya kuipita, daladala ya kuigombea na bodaboda ya kumalizia njia ya ndani. Mume wa namna hii si mzembe na wala hampuuzi mwanawe. Siku ndiyo haimtoshi. Sisi tunakaa Chanika, mume wangu anafanya kazi Kurasini, na ninayoyaandika hapa ndiyo tunayoishi nayo.

Msimamo wangu ni huu: baba mwenye muda mdogo asipewe orodha ya kumsaidia mama. Apewe kazi moja ya mtoto iliyo yake kabisa, saa ileile kila siku, na mama asiiguse. Mtoto wa miaka miwili hajui saa wala tarehe, ila kinachojirudia anakijua vizuri sana, na mtu anayekuja na kitu hicho hicho kila siku anamzoea na kumtafuta. Hatua zote zinazofuata zinajengwa juu ya jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Andikeni siku ilivyo

Chukua daftari, na kwa siku tatu nne mfululizo andika saa tu. Mtoto ameamka saa ngapi, amekula saa ngapi, mchana amelala kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, usiku amelala saa ngapi. Upande wa pili andika baba ameamka saa ngapi, ametoka saa ngapi, ameingia saa ngapi. Andika saa aliyoingia mlangoni, si saa aliyopiga simu kusema "nimefika Gongo la Mboto", maana wote tunajua kutoka pale kuna safari nyingine.

Ukimaliza, tafuta muda ambao baba na mtoto wote wako macho chini ya paa moja. Familia nyingi hudhani muda huo ni usiku. Daftari litakuonyesha kwamba mara nyingi ni alfajiri, au ungeweza kuwa alfajiri mkisogeza usingizi wa mtoto kidogo.

Hatua ya 2: Acheni kumkeshesha mtoto amsubiri baba

Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu linafanywa kwa upendo. Mama anamzuia mtoto asilale ili baba amkute. Saa 3 usiku mtoto kachoka, analia kwa sababu kikombe ni cha bluu badala ya chekundu, anajitupa sakafuni. Baba anafungua mlango na ndicho anachokikuta. Anambeba kidogo, mtoto anapiga mateke akitaka mama, na kila mtu anakwenda kulala na dukuduku lake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa ndani yake. Wa miaka mitatu hadi minne ni saa 10 hadi 13. Sasa piga hesabu ya nyumba yako. Mtoto aliyelala saa 4 usiku akaamka saa 12 asubuhi amepata saa 8. Hata akiongeza mbili za mchana ni 10, hazitoshi. Aliyelala saa 1 na nusu usiku akaamka saa 11 alfajiri amepata saa 9 na nusu, na za mchana zikiongezwa anafika 11 na nusu. Yuko salama, na ameamka saa ambayo baba yupo.

Ili alale mapema, anza mapema. Kwetu mtoto anaoga saa 11 na nusu jioni na kula kabla ya adhana ya magharibi. Baada ya hapo hakuna mbio mbio tena. Taa ya sebuleni inazimwa, anaingia ndani ya chandarua, namhadithia au namwimbia hadi alale. Mpangilio uwe uleule kila siku, hata kama saa itapishana kidogo. Usingizi wa mchana usivuke saa 9 na nusu, la sivyo usiku utapambana naye. Kama sasa analala saa 4, usimrudishe ghafla. Sogeza robo saa kila baada ya siku mbili tatu, na anza na kumwamsha mapema asubuhi, kwa sababu hapo ndipo usingizi wa jioni unapotengenezwa.

Hatua ya 3: Mpe baba kazi moja, nzima

Chagueni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayofanyika kila siku, na inayowaweka uso kwa uso. Kuoga ni kazi nzuri. Kuvaa nguo na kupaka mafuta pia. Mimi napendekeza uji wa asubuhi, na nitaeleza unavyokwenda kwa undani ili uone kwa nini.

Usiku kabla ya kulala, vitu vyote vinawekwa pamoja: unga uliopimwa kwenye kikombe, karanga za kusaga kwenye kichupa chake, maziwa, sufuria ndogo, kijiko cha mtoto na kitambaa cha kumfunga kifuani. Hapo mama amemaliza sehemu yake. Baba akirudi kuswali alfajiri anawasha jiko na kupika mwenyewe. Uji uwe mzito, ukichotwa ubaki kijikoni usichuruzike, kwa kuwa tumbo la mtoto ni dogo na uji wa majimaji unalijaza bila kumshibisha. Karanga zisagwe laini kabisa. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, inaweza kumkaba.

Sasa tazama wanapokula. Baba kakaa kwenye kigoda, mtoto kwenye paja lake la kushoto. Baba anapuliza kijiko, mtoto naye anapuliza, mate yanarukia kwenye uji. Kijiko cha tatu hivi, mtoto anakinyang'anya, anataka kujilisha. Nusu inaingia mdomoni, nusu kwenye mkono wa baba. Hapo ndipo baba wengi huchukua kijiko chao ili wamalize haraka, na hapo ndipo nawaomba wasifanye hivyo. Mpe chake, wewe shika cha pili, muwe mnapishana. Wakati huo mtoto anamweleza habari zake zote: kuku wa jirani, gari lililopita, kidole kinachouma. Ni dakika 20 tu, lakini ni dakika ambazo baba hana simu mkononi na hana mtu mwingine wa kumsikiliza.

Muda huo mama yuko wapi? Asionekane. Mtoto anayenyonya akimwona mama hataki uji wala baba, anataka ziwa. Endelea kumnyonyesha, ushauri ni hadi miaka miwili na zaidi, ila iwe kabla ya baba kuanza au baada ya kumaliza. Rudi kitandani, au anza na kazi zako za uani. Na ukimsikia mtoto analia usitoke mbio. Mwache baba abembeleze kwa njia yake. Siku za mwanzo atalia, halafu atazoea.

Na usirekebishe. Nguo ikivaliwa mbele nyuma, mtoto hatadhurika. Kilichomuhusu baba ukikipokonya kwa sababu hakikufanywa ulivyotaka, kesho atakuachia, na atakuwa na sababu. Ingilia pale penye hatari tu: jiko la moto, maji ya moto, kitu cha kukaba, ndoo ya maji iliyoachwa wazi.

Hatua ya 4: Ondoeni pesa na malalamiko kwenye muda wa mtoto

Nyumba nyingi hela ya matumizi inatolewa asubuhi, baba akiwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Hapo ndipo linaibuka la mkaa, la mboga, la mchango wa shughuli ya jirani, na sauti zinapanda. Mtoto anaona baba anaondoka amekunja uso kila siku.

Hamishieni hela kwenye siku moja ya wiki. Jumapili jioni mkae, mhesabu ya chakula, sabuni, gesi na maji, akuachie ya wiki nzima au akutumie kwenye simu. Anayelipwa kwa siku hawezi kutoa ya wiki, hilo linaeleweka. Basi atume mchana akishapata, na asubuhi isiguswe. Mimi naona hili limetuliza nyumba zaidi ya ushauri wowote wa kuongea kwa upole, maana watu wanaoamka saa 10 usiku hawana upole mwingi wa kugawa.

Malalamiko nayo yapewe saa yake. Mume akiingia usiku apokelewe, aoge, ale kwanza. Baada ya chakula kaeni dakika 10 au 15, simu zikiwa mbali, kila mmoja aseme siku yake ilivyokwenda. Wewe nawe sema. Mama wengi tunajibu "tumeshinda salama" halafu tunalala tumevimba moyoni. Mwambie mtoto amekataa kula mara mbili, mwambie mgongo unauma, mwambie kilichokuchekesha. Asipojua siku yako ilivyo, ataendelea kuamini umeshinda umepumzika.

Hatua ya 5: Mchana wa mama na mtoto

Mtoto wa umri huu anahitaji milo mitatu au minne na vitafunwa mara moja au mbili katikati. Uji wa baba ni mlo wa kwanza, kwa hiyo saa 4 asubuhi atakuwa na njaa tena, usishangae. Ndizi mbivu, parachichi, kipande cha kiazi kitamu au yai la kuchemsha vinatosha.

Kazi za nyumbani zifanye naye badala ya kuzifanya akiwa amefungiwa. Mpe mchicha autenganishe majani, mpe kitambaa afute meza, mpe soksi ndogo azifue kwenye beseni lake lenye maji kidogo, wewe ukiwa hapo hapo. Itakuchelewesha. Lakini mtoto aliyeshughulishwa hadi saa 6 mchana analala saa 7 bila vita, na hapo unapata saa mbili zako. Saa hizo usizimalize zote kwa kufua. Kama usiku ulikuwa mbaya, lala naye.

Runinga na simu: mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani hautaki kabisa skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, pungufu ndiyo bora. Simu ya video na baba wakati wa mapumziko yake ya mchana siihesabu humo, kwa kuwa kuna mtu anayemjibu. Iwe fupi, na mtoto akikimbia mwachie, asilazimishwe kusema "shikamoo baba" mara kumi.

Hatua ya 6: Mtoto akiumwa na baba hapatikani

Hapa naomba usome taratibu, mume wako naye asome.

Kubalianeni leo, mtoto akiwa mzima, kwamba ikitokea dalili ya hatari mama anaondoka kwanza na kupiga simu akiwa njiani. Haombi ruhusa, hasubiri hela itumwe, hasubiri baba aone ujumbe. Dalili hizo ni mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, degedege, na kulegea au kusinzia kiasi kwamba haamki vizuri. Akihema kwa shida pia ondoka. Homa ya kawaida isiyo na hayo nayo isilaliwe, akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Dawa iliyobaki ya mtoto mwingine usimpe.

Akiharisha, anza na ORS (unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) nyumbani na mpeleke apewe vidonge vya zinki. Vinatolewa kwa siku 10 hadi 14, na kosa la wengi ni kuviacha mtoto akiacha kuharisha siku ya tatu. Endelea kumlisha na kumnyonyesha.

Wekeni mfuko mmoja nyuma ya mlango: kadi ya kliniki, kadi ya bima kama mnayo, pakiti mbili za ORS, khanga, na hela ya bodaboda na vipimo ambayo haiguswi kwa kitu kingine hata mboga ikikosekana. Ikitumika, irudishwe Jumapili inayofuata kabla ya hesabu nyingine yoyote. Andikeni namba ya jirani mwenye gari au dereva wa bodaboda mnayemwamini, ibandikeni ukutani, kwa sababu simu huzima chaji siku hiyo hiyo unapoihitaji.

Kama mume ameajiriwa Tanzania Bara, ajue haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo (kwa likizo hii ni miezi 36 ya kazi mfululizo) pale mtoto wake anapougua, au anapofiwa na wa karibu. Siku hizo ni za sababu zote hizo kwa pamoja. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho, kwa hiyo karatasi za zahanati msizitupe. Likizo ya mwaka ni siku 28, na saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Wanaume wengi wanazijua siku za msiba, hizi za mtoto mgonjwa hawazijui, na wanabaki kupiga simu kila dakika kumi kumuuliza mama "anaendeleaje?" wakati wangeweza kuwepo.

Kliniki isisahaulike mtoto akishavuka mwaka. Chanjo ya pili ya surua na rubela ni miezi 18. Vitamini A ni kila miezi 6 hadi atimize miaka mitano, na dawa ya minyoo ni kuanzia mwaka mmoja. Mojawapo ya ziara hizo mpangie baba kwenye likizo yake, aende na mtoto peke yake, yeye ndiye ajibu maswali ya muuguzi.

Hatua ya 7: Siku ya mapumziko, mama atoke

Jumapili baba achukue mtoto kwa saa mbili au tatu, na mama atoke nje ya nyumba. Ukibaki chumbani hujatoka. Nenda kasuke, nenda kwa dada yako, nenda kwenye kikundi cha wanawake, kaa chini ya mwembe usifanye chochote. Huhitaji kuwa na sababu ya maana.

Baba ampeleke mtoto kinyozi, sokoni, uwanjani kutazama vijana wakicheza mpira, au wabaki uani wakiosha baiskeli. Nasisitiza wawe wawili tu. Ukimwachia dada wa kazi au mdogo wako "amwangalizie", basi baba atakuwa anatazama mechi na dada ndiye anayelea. Chakula cha mtoto kiwepo, mengine atayaona mwenyewe.

Ndugu watasema. Mama mkwe akimkuta mwanawe anaosha matako ya mtoto, anaweza kuguna kwamba kijana wake anachoshwa kazini na nyumbani. Usimjibu wewe. Mtu wa kumjibu mama ni mwanawe, kwa heshima, na kabla haujatokea mzozo: "Mama, huyu ni mwanangu, nimemkumbuka wiki nzima, niache nimwogeshe." Mama mkwe wengi wakisikia hivyo kutoka kinywani mwa mtoto wao hunyamaza, na baadhi hukaa hapo hapo kumfundisha namna ya kumshika.

Mpango ukigoma

Mume wa zamu, kama mlinzi, muuguzi au dereva wa masafa, hana alfajiri ya kila siku. Kwake fungeni kazi kwenye tukio badala ya saa: kila anapoingia, yeye ndiye anayemwogesha mtoto, iwe asubuhi au jioni. Akiwa safarini, kazi hiyo ibaki bila jina la mtu mwingine. Ukimwogesha mwambie mtoto "baba akirudi atakuogesha", halafu akirudi afanye kweli.

Ramadhani inavuruga kila kitu, kwa sababu baba anakula daku na baada ya alfajiri anataka kuegemea kidogo kabla ya kutoka. Mwezi huo hamishieni uji kwa mama, na baba achukue kuvisha nguo na kupaka mafuta, kazi ya dakika 5. Ikipita Idi, rudini kwenye uji siku ya pili yake, msiache wiki ipite.

Na mtoto akikaribia miaka mitatu atakataa usingizi wa mchana. Ukiona analala saa 10 jioni kwenye kiti na usiku anakesha, jua wakati umefika. Ondoa usingizi huo wa mchana, mlaze saa 1 jioni kwa wiki chache za mwanzo, halafu msogeze taratibu hadi saa 2. Alfajiri ataamka mwenyewe, ataendea kigoda kabla jiko halijawashwa, na sasa atataka kukoroga sufuria. Baba amshike mkono, moto uwe mdogo.